Ulimi wa Nyanjige

Kwetu maji yana njia mbili za kukimbilia. Yenye bahati hushika magharibi, yakaingia Mto Simiyu na kuishia Ziwa Viktoria, ambako watu wanafua nguo wanavyotaka. Yasiyo na bahati hushuka upande wa mashariki, yakapotelea mbugani au yakaufuata Mto Sibiti mpaka Ziwa Eyasi, ziwa la chumvi linalopokea mito na halitoi hata mmoja. Kijiji nilichoolewa, mwendo wa nusu siku kutoka Mwandoya, kiko upande huo wa pili. Wakati wa posa hakuna aliyenieleza hayo. Nilitoka kwetu Lalago na sanduku langu na masufuria yangu, nikidhani maji ni maji.

Mto wetu hutiririka miezi mitatu, mwaka mzuri minne. Baada ya hapo ni mchanga mtupu, na watu wanachimba. Chini ya mchanga maji yapo, ila yamelala kwa tabaka. Juu ni yale ya mvua, matamu. Chini yake kuna udongo wa kijivu, mgumu, na chini ya udongo huo ni chumvi inayotoka sijui wapi. Ukichimba pungufu hupati kitu. Ukizidisha, umeitoboa sakafu, na chumvi inapanda juu na kuharibu kila kitu. Tofauti ni shubiri moja au mbili, nayo haiko mahali pamoja mwaka hadi mwaka. Kwa zaidi ya miaka ishirini, mtu aliyeijua shubiri hiyo alikuwa mama mkwe wangu, Nyanjige.

Baba yake alikuwa mtu wa kwenda chumvini. Alikwenda na punda mpaka ukingoni mwa ziwa, siku nne kwenda na nne kurudi, akakwangua chumvi na kuileta nyumbani kwenye mifuko ya ngozi. Kabla ya kuigawa aliwaita watoto, akaweka vibonge vitatu juu ya jani na kuwauliza: ipi ya mboga, ipi ya ng'ombe, ipi ya kutupa? Aliyekosea alisukutua mdomo akaanza upya. Kaka zake walichoka wakaenda kucheza. Nyanjige alibaki. Aliniambia kwamba kufika miaka kumi alikuwa anaonja udongo na kukwambia ng'ombe wako wataulamba au wataukataa.

Huo ulimi ndio uliomweka mjini, kama wanavyosema vijana. Alifiwa na mumewe wakati mwanawe Method yuko darasa la pili, akabaki mjane na shamba la pamba na ng'ombe watatu, na watu wa aina hiyo kwetu husukumwa nyuma ya foleni. Lakini kiangazi kilipofika, wanaume wenye ng'ombe mia walimfuata nyumbani na kofia mkononi. Aliteremka mtoni, akakaa juu ya ukingo wa shimo, na kila waliposhuka shubiri moja walimpa mchanga mbichi wa chini kiganjani. Aliuweka ulimini, akafumba macho, akautema. "Endeleeni." Wakaendelea. "Endeleeni." Mpaka aliposema "hapo hapo," na mwenye jembe akaliacha lilipo. Malipo yake yalikuwa ndoo ya kwanza. Kila kisima, kila mwaka, ndoo ya kwanza ilikuwa ya nyumba yetu, na hakuna aliyenung'unika.

Nami niseme ukweli, ndoo hiyo niliipenda. Niliipita foleni nzima nimenyoosha shingo.

Kisha ikaja ile homa ya mwaka ule, ya watu kujifunika mablanketi na kujifukizia majani ya mwarobaini. Nyanjige aliugua wiki mbili, tukajua anakwenda. Akapona. Tulimshukuru Mungu, tukachinja kuku. Aliushika mfupa akauweka chini, akasema hana hamu, tukaona ni uchovu wa ugonjwa.

Niliyegundua ni mimi. Binti yangu Milembe, wakati huo mdogo na mwenye kiherehere cha kusaidia, alimimina chumvi kwenye uji badala ya sukari, na hakumimina kidogo. Mimi nilitema palepale. Bibi yake alikuwa amekaa na kikombe chake, anakunywa taratibu, anaangalia ng'ombe. Alikimaliza chote. Akaomba kingine.

Nilimsubiri tukiwa wawili tu, nikamwuliza. Kwetu mama tunamwita mayu, na ndivyo nilivyomwita siku zote.

"Mayu, uji wa leo ulikuwaje?"

"Mzuri. Kwa nini?"

Nikamwambia. Hakukasirika. Alilikunjakunja pindo la khanga yake.

"Tangu ile homa," alisema. "Nilidhani utarudi. Kila asubuhi nalamba jiwe la chumvi la ng'ombe, nione. Ni kama nalamba ukuta."

"Tuwaambie watu."

"Uwaambie nini? Kwamba Nyanjige ni bibi kizee kama bibi kizee mwingine? Usimwambie mtu, mama Milembe. Hata Method."

Method, mume wangu, alikuwa anafanya kazi Bariadi kwenye kiwanda cha kuchambua pamba, na nyumbani alikuja mara mbili kwa mwaka. Kumficha hakukuwa kazi. Tukapanga utaratibu. Mtoni alionja yeye kwanza, akafumba macho kama zamani, kisha akanipa mimi na kusema kwa sauti watu wasikie, "Onja nawe, ujifunze." Mimi nikionja na ni mtamu, nilisema, "Nimeelewa, mayu." Ukianza ule uchungu mdogo wa pembeni mwa ulimi, nilisema, "Huu sijauelewa vizuri." Naye akatangaza, "Hapo hapo." Watu walimsifu kwamba anarithisha kazi yake kwa mkamwana na si kwa ndugu zake. Miaka mitatu tulikwenda hivyo, na hatukukosea kisima hata kimoja.

Sasa nifike mahali ninapopachukia.

Mwaka jana mvua za Novemba hazikuja. Desemba ikapita na vumbi. Mbuga ilipasuka mpaka mguu wa ndama unazama kwenye ufa. Visima vyote vya mto vilikauka isipokuwa kimoja, kwenye kona ya mto chini ya kitongoji chetu, na hicho kilinywesha nyumba ishirini na tisa pamoja na mifugo yao. Maji yalipanda polepole. Ulikaa na kata yako ukiyasubiri yajikusanye.

Wiki hicho kilipobaki peke yake tulipata wageni, akina mama sita wa jumuiya pamoja na Wilhelmina, shangazi yake Method, mtu wa kuheshimiwa na mwenye mdomo. Nilipika ugali wa mtama na nsansa, yale majani ya kunde yaliyokaushwa, nikayaunga kwa karanga. Nimeyapika maisha yangu yote na najua yalivyotoka siku ile. Nyanjige alimega tonge moja, akalitafuna, akaisogeza sahani mbele.

"Mke wa Method ni mtu mzuri," aliwaambia wageni, "ila chumvi huwa anaisahau dukani."

Wakacheka. Wilhelmina, aliyekuwa ameshafika nusu ya sahani yake bila neno, akasema kweli, hata yeye alikuwa anaona kitu kimepungua. Wakaniagiza chumvi. Nikaileta, wakainyunyiza juu ya mboga iliyokuwa na chumvi ya kutosha, wakala huku wakikunja nyuso na kusema sasa ndiyo imekaa sawa.

Nilijua anachofanya. Alikuwa anauonyesha ulimi wake mbele ya watu, kwa kuwa mtu mwenye ulimi lazima aonekane anao. Na ndiyo maana iliniuma zaidi. Mimi ndiye niliyekuwa ule ulimi, miaka mitatu, bure, kwa siri, na sasa ananitumia kujifutia mikono. Kama ningekuwa mtu mwenye busara ningemfuata jioni tukayamaliza. Lakini mimi hasira zangu ni za kwetu Lalago. Nikasusa. Asubuhi nilimfunga mwanangu mdogo, Luhaga, mgongoni, nikamshika Milembe mkono, nikaenda zangu kwa mama. Nilipopita mbele yake hata sikumwamkia "mwangaluka", na hakuna mkamwana wa Kisukuma anayempita mama mkwe asubuhi bila kumwamkia.

Yaliyotokea siku ya tano nilisimuliwa na Esteria, jirani yetu, ambaye alikuwepo.

Maji ya kisima yalipungua mpaka ng'ombe wa nyumba moja walimaliza yote, na nyumba nyingine zikaondoka mikono mitupu. Machibya, mwenyekiti wa kitongoji na mwenye ng'ombe wengi kuliko wote, akaja kwa Nyanjige na wanaume wanane wenye majembe na sepetu. Alisema kwa adabu, maana hakuwahi kumkosea.

"Mayu, tunaomba tushuke kidogo. Shubiri mbili, tatu. Wewe utatuambia pa kusimama."

Angeweza kukataa. Angesema anaumwa, au wamsubiri mkamwana wake arudi, au angesema ukweli. Esteria anasema alisimama mlangoni muda, akaangalia njia inayotoka Lalago. Kisha akachukua fimbo yake akaenda nao.

Walishuka shubiri ya kwanza. Wakampa mchanga. Akaonja, akafumba macho. Esteria anasema alipoyafumbua aliangalia kushoto, akaangalia kulia, kama mtu aliyeweka kitu chini na sasa hakioni. "Endeleeni," alisema. Shubiri ya pili. "Endeleeni." Ya tatu ulikuja udongo wa kijivu. Mwenye jembe akasita, akauliza, "Mayu, huu ni ule udongo?" Naye akaonja, akawaona wote wanamwangalia, wanaume wanane na wake zao na foleni ya madumu mpaka juu ya ukingo.

"Mtamu bado. Endeleeni."

Udongo ukatoboka na maji yakaja. Yalikuja mengi, yakajaza shimo mpaka magotini, na wanawake wakapiga vigelegele. Watu wakachota, wakanywa. Na hapa ndipo ninapotaka kulia na kucheka kwa pamoja. Esteria alipokunywa alihisi chumvi. Akajiambia labda ni jasho lililomwingia mdomoni. Aliyemfuata naye alihisi, akadhani ni dawa ya malaria aliyokuwa anameza. Machibya mwenyewe baadaye alisema aliionja, akaona haya kumpinga Nyanjige mbele za watu. Watu zaidi ya thelathini walikunywa maji ya chumvi, na kila mmoja akaushuku ulimi wake mwenyewe. Nyanjige akapewa ndoo ya kwanza.

Waliosema ukweli walikuwa ng'ombe. Jioni walifika, wakainamisha vichwa, wakaviinua. Wakasimama na kiu yao wakiyaangalia maji.

Kulipokucha Esteria alinipigia simu. Nilipanda bodaboda asubuhi hiyohiyo na watoto wangu, nikiomba njia nzima awe amekosea. Nikashuka moja kwa moja mtoni, nikachota kwa kiganja. Haukuwa ule uchungu mdogo wa pembeni. Ilikuwa chumvi ya kukausha koo. Walikuwa wamejaribu kuchimba mashimo mengine matano kwenye kona hiyo, na yote yalitoa maji yaleyale, kwa kuwa chini yameungana. Maji matamu ya mwaka mzima yalikuwa yamekwisha kwa siku moja.

Nyanjige alikuwa amekaa kwenye mchanga, miguu ameinyoosha. Watu walikuwa wamemzunguka lakini kwa mbali, na minong'ono ya kijinga ilikuwa imeshaanza, kwamba bibi kizee ametia kitu. Nikasimama mbele ya Machibya, nikaanza, "Mwenyekiti, mimi ndiye..." Nyanjige akanikata.

"Huyu hakuwepo. Ulimi wangu umekufa, Machibya. Tangu ile homa. Nilionja mchanga wako nikasema ni mtamu, na sikujua kitu."

Machibya alikaa chini palepale. Nadhani angetukana ingekuwa nafuu. Aliuliza tu, "Miaka yote hii? Na visima vya mwaka juzi?"

"Alikuwa anaonja yeye," alisema, akanionyesha kwa kidevu. "Nikamwudhi, akaondoka."

Kila mtu akaniangalia. Hakuna aliyenilaumu, na mpaka leo hakuna aliyenilaumu kwa mdomo.

Kesho yake Machibya aliwaswaga ng'ombe wake kwenda magharibi, kutafuta maji ya Simiyu. Alikuwa na mia na arobaini, na tulisikia alifika na chini ya tisini. Nyumba nyingine zikamfuata moja moja, na madumu yao, na kuku wao kwenye matenga. Kufikia mwisho wa Januari tulibaki nyumba sita, zile zisizo na pa kwenda au zisizo na nguvu ya kwenda. Method alipigiwa simu, akasema atakuja, na kiwandani wakamwambia akiondoka nafasi yake ina watu.

Maji matamu yaliyobaki yalikuwa Mwandoya, kwenye pampu. Nilikwenda kwa baiskeli alfajiri na kurudi saa nane mchana, dumu moja nyuma na moja dogo mbele. Nyumbani tukawa na vyombo viwili. Dumu la njano la maji ya Mwandoya, ya kunywa. Ndoo nyeusi ya maji ya mtoni, ya kuoshea na kunyweshea mbuzi, waliokwisha kuyazoea, na wawili walikufa wakiyazoea. Niligawa kwa kikombe. Watoto vikombe vitatu kila mmoja, mayu vitatu, mimi vitatu, yaliyobaki kupikia.

Kwa wiki tatu nilidhani nagawa vizuri. Maji ya dumu yalitosha kuliko hesabu yangu, nikajisifu kwa ubahili. Kisha nikaona miguu ya Nyanjige. Ilikuwa imevimba mpaka kifundo hakionekani, ukibonyeza kidole shimo linabaki. Uso nao, asubuhi, ulikuwa umejaa. Nilimkokota kwenye baiskeli mpaka zahanati, Luhaga nikiwa nimemfunga mgongoni, kwa kuwa naye alikuwa na siku mbili za kuhara. Tabibu alimpima presha mara mbili, hakuamini mara ya kwanza.

"Bibi anakunywa maji gani?" aliniuliza.

"Ya Mwandoya. Vikombe vitatu."

Nyanjige alikuwa anaangalia dirishani. Nikamgeukia.

"Mayu. Unakunywa maji gani?"

"Hayo hayo."

"Yapi?"

Akaligeukia dirisha tena, nikajua. Vikombe vyake vitatu alikuwa anavirudisha kwenye dumu nikiondoka, na kiu yake aliipeleka kwenye ndoo nyeusi. Nililia mbele ya tabibu kama mtoto. Nilimwambia ni mkaidi, ni mwongo, kwamba amezoea kudanganya watu kwa ulimi wake na sasa ananidanganya mimi. Aliniacha nikamaliza.

"Ng'wana wane," alisema, na hakuwa amewahi kuniita mwanangu kwa Kisukuma, "ninyi yanawachoma. Mimi kwangu yote ni maji."

Tabibu alisema mambo mawili. Bibi akiendelea na chumvi hiyo, moyo au figo vitashindwa, na si baada ya muda mrefu. Mtoto asipewe tone la maji ya mtoni, apewe matamu mengi, kila anapohara apewe tena. Alisema yote mawili kwa sauti moja, akaandika dawa, akaita mgonjwa mwingine.

Nilirudi nimeapa, naye nimemwahidisha asiiguse tena ndoo nyeusi. Siku nne nilimsimamia akinywa, macho yangu kwenye koo lake. Siku ya tano pampu ya Mwandoya iliharibika. Nilisubiri mpaka jua lilipokuwa kichwani, na nilichopata ni robo dumu, kutoka kwa mama mmoja aliyemhurumia mtoto niliyemtaja.

Nilipofika, Luhaga alikuwa amelala kwenye mkeka, midomo imepasuka, macho yameingia ndani. Milembe alikuwa anampepea kwa kipande cha boksi. Nyanjige alikuwa ameegemea ukuta, anahema kwa shida, na midomo yake nayo ilikuwa mikavu. Alikuwa hajanywa kitu tangu asubuhi. Alikuwa ameahidi, naye aliitunza ahadi.

Nilimimina kikombe. Nikasimama nacho katikati ya chumba. Niliyapima kwa macho yale yaliyobaki, nikahesabu usiku mzima na kesho mpaka mchana, na hayakutosha kwa watu wawili. Nilihesabu tena. Mama mkwe wangu alikuwa ananiangalia, na ninaapa hakukuwa na lawama usoni mwake. Alikuwa anasubiri niseme.

Sikusema. Nilipiga magoti kwenye mkeka, nikamwinua Luhaga kichwa, nikamnywesha kikombe chote, na cha pili. Nyuma yangu nilisikia Nyanjige anajivuta kwa mikono kuelekea pembeni, nikasikia kata inagonga ndoo nyeusi, nikamsikia anakunywa. Alikunywa sana. Nilikuwa na muda wa kugeuka na kumnyang'anya, na sikugeuka.